Shehena Iliyolala Njiani

"Maziwa yamelala nje. Yaangalie kabla hayajachacha."

Ujumbe uliingia kwenye Nokia ndogo saa moja na dakika nane jioni. Mwenye simu alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni ya abiria wa kupita.

Aliusoma mara moja. Akaufuta.

Watu watatu mbele yake, mwanamume mrefu wa suti ya kijivu alikuwa anafuta miwani yake kwa tai ya hariri. Alifuta taratibu, kioo kimoja baada ya kingine, kama mtu ambaye hajawahi kukimbizwa na kitu chochote maishani.

Idara ya ujasusi ilimpa jina la Miwani. Nyumbani alikuwa mkurugenzi wa manunuzi ya dawa za serikali.

Na nyuma yake, mwenye sketi ya bluu, kandambili za safarini na mkoba wa bega uliochakaa kamba, alikuwa Shangazi.

Miaka hamsini na moja. Mnene kiasi. Uso wa mama anayekuuliza kama umekula. Hakuna askari wa mpaka aliyewahi kumtazama mara mbili, na hilo lilikuwa silaha kuliko bastola yoyote aliyowahi kupewa.

"Ndege inaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi," karani wa dawati alisema bila kuinua macho, akimsukumia kuponi. "Hoteli, chakula cha jioni, na ukitaka, basi la bure la kuzunguka mji. Linaondoka saa mbili."

"Na mizigo mikubwa?"

"Inalala huku huku. Mtaikuta mbele ya safari."

Muda wa saa kumi na moja na ushee. Usiku mmoja katika mji wa watu milioni kumi.

Shehena nayo ilikuwa inalala hapo. Katoni arobaini kwenye paleti moja ya mbao, ndani ya chumba cha baridi cha jengo la mizigo. Vichupa vya sindano ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua. Hospitali kumi na nne za nyumbani zilikuwa zimeishiwa. Zilikuwa zinaisubiri ndege hiyo hiyo ya asubuhi.

Katika moja ya hospitali hizo, wodi ya wazazi, kitanda namba tatu, alikuwa amelala binti wa kaka yake. Mimba ya kwanza. Presha juu. Madaktari walisema atajifungua ndani ya siku nne.

Shangazi alikunja kuponi, akaitia mkobani. Akapiga simu.

"Sema," Mkuu alijibu.

"Nimepata habari ya maziwa."

"Tuna taarifa yatabadilishwa usiku huu. Yetu yatolewe, yawekwe maji. Linda shehena. Mtu wetu wa chumba cha baridi atakufungulia."

"Na Miwani?"

Mkuu alishusha sauti.

"Usimguse. Ana watu. Tutamshughulikia akifika."

"Kama mlivyomshughulikia ile mara?"

"Shangazi. Hiyo ni amri."

Simu ikakatwa.

*

Ile mara ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma.

Wakati huo hakuwa jasusi. Alikuwa mtunza ghala la dawa za baridi, mkoani, mshahara wa kununulia sabuni na chumvi. Miwani ndiye alikuwa meneja wake. Meneja wa ghala la baridi ambaye kwa miaka minne hakuwahi kuingia kwenye chumba cha baridi. Alisema kinampa mafua. Alisaini karatasi mlangoni, akarudi kwenye kiti chake cha kuzunguka.

Siku moja katoni zililetwa na gari lisilo la kawaida. Meneja alisema zipokelewe. Zikapokelewa. Shangazi mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akazipanga, akazipeleka hospitali ya wilaya.

Wifi yake alijifungua Alhamisi. Akachomwa sindano ile. Ya pili. Ya tatu. Damu haikusikia. Muuguzi alilia huku anachoma, kwa sababu alikuwa anachoma maji na hakujua.

Mtoto alipona. Mama yake alizikwa Ijumaa.

Ikaundwa tume. Tume zao unazijua: chai, maandazi, chupa za maji mezani, na faili nene linalofungwa kwa utepe. Watunza ghala sita walifukuzwa kazi. Meneja alihamishwa makao makuu kwa kupandishwa cheo. Mwenyekiti wa tume alimuuliza shahidi wa mwisho, "Wewe ni nani kwa marehemu?" Akajibu, "Mimi ni shangazi wa mtoto." Mtu wa idara aliyekaa nyuma akaandika jina hilo kwenye daftari lake, na wiki mbili baadaye akaja kubisha hodi.

Watu wanasema wakati huponya. Wanaosema hivyo hawakuosha maiti ya wifi.

*

Miwani alipanda basi la bure.

Hapo ndipo Shangazi alipojua. Mtu anayelazwa hoteli za nyota tano kwa kodi za watu hapandi basi la bure la kuponi ili kuangalia taa za barabarani.

Alikaa viti vinne nyuma yake. Pembeni yake akajibwaga mwanamke mwenye mifuko mitatu mitupu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nne.

"Dada, shikamoo, au tuko sawa?"

"Tuko sawa," Shangazi alisema.

"Afadhali. Mimi nauza mabegi. Kila nikipita hapa nina usiku mmoja tu, na silali. Kulala nitalala nikifa. Mnara tutauona, sawa, tupige picha watoto waone mama yao ametembea. Lakini akili iko kwenye ule mtaa wa maduka. Dakika arobaini wanatupa! Dakika arobaini, dada, mimi nafungasha duka zima." Akacheka, akampiga paja. "Wewe umekuja kutazama nini?"

"Nimekuja kutazama tu."

"Basi tazama vizuri. Usiku mmoja haurudi."

Basi lilipita madaraja, sanamu, majumba ya vioo. Kiongozi wa msafara, msichana mwenye bendera ndogo ya njano, alikuwa anaimba historia kwenye kipaza sauti. Wafalme, vita, wafalme wengine. Waliojenga hayo madaraja hakuwataja.

Wakashuka mnarani. Lifti ikawapandisha ghorofa ya sitini na mbili.

Juu kulikuwa na upepo na darubini za kulipia. Miwani alisimama kwenye darubini ya mwisho, pembeni kabisa. Kwenye darubini ya jirani alikuwa ameshafika mtu mfupi, mwenye kipara kinachong'aa kama sufuria jipya.

Shangazi alikaa kwenye benchi, akavua kandambili, akaanza kukanda mguu kwa uchungu wa mama mwenye gauti. Kamera yake ya Sony ilikuwa mapajani. Ndani yake hapakuwa na kamera. Palikuwa na kinasa sauti kinachosikia mnong'ono kwa mita ishirini, na waya mwembamba uliopanda hadi kwenye hereni ya kushoto.

"Umechelewa," Kipara alikuwa anasema. Kiswahili safi, cha mtu wa nyumbani aliyehamia mbali na mali zake.

"Basi la maskini haliendi haraka. Mmeshafanya?"

"Vijana wangu wanafanya usiku huu. Paleti yangu iko mle mle, jina tofauti, katoni zile zile. Wanabadilisha lebo tu. Alfajiri yangu inaondoka kwa lori, yenu inapanda ndege. Ila nina wasiwasi na kile kidude cha kupimia joto. Kikiwaka taa nyekundu, wakaguzi wanazuia mzigo."

"Hakitawaka. Baridi ya kutosha mmeweka?"

"Kama ulivyosema."

"Barafu nyingi, moja kwa moja kutoka kwenye friza, ngumu kama jiwe, ibane vichupa pande zote. Mimi nimekuwa meneja wa ghala la baridi, bwana. Najua kazi yangu."

Mkono wa Shangazi ulisimama juu ya mguu.

Kila mtunza ghala, hata wa wiki ya kwanza, anajua: barafu haitoki kwenye friza ikaingia kwenye katoni. Unaipanga mezani kwanza. Unasubiri itoke jasho. Unaitikisa karibu na sikio, usikie maji yanacheza ndani. Ndipo unapakia. Ukiweka ngumu, dawa inaganda, na dawa ya namna hii ikiganda imeharibika kama iliyopikwa. Kidude kinawaka nyekundu kwa joto, na kinawaka nyekundu kwa mgando.

Hilo halifundishwi kwenye kiti cha kuzunguka.

"Saini hapa," Kipara alisema. "Ruhusa ya kutoa mzigo wangu. Saini kama shahidi."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mkinigeuka, tuzame wote. Jina kamili, na namba ya pasipoti."

Miwani alisita. Akatoa kalamu ya dhahabu. Akasaini kwa mkono uleule uliosaini mlangoni miaka ile.

"Ila lile la nyuma lilikuwa na kelele," Kipara alisema, akikunja karatasi. "Walikufa wangapi? Tisa?"

"Ni maji, ndugu yangu. Tangu lini maji yakaua mtu? Walikufa kwa kuzaa. Wanawake hufa kwa kuzaa."

Shangazi alivaa kandambili.

*

Nokia iliita kwenye ngazi za mnara, saa nne kasoro.

"Shangazi?" Sauti ndogo, imebanwa. Binti.

"Nipo, mama."

"Maumivu yameanza. Tangu saa moja. Wanasema labda kesho mchana." Akapumua kwa shida. "Sista ameniambia ukweli. Sindano hakuna. Hata ya dharura. Wa kitanda cha nne naye yameanza, tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Wewe uko wapi?"

"Niko njiani."

"Unaleta nini?" Alijaribu kucheka. "Kila safari unaniletea viatu visivyonitosha."

"Safari hii nakuletea kinachotosha. Pumua. Usisukume mpaka wakwambie."

"Naogopa, Shangazi."

"Ogopa. Lakini pumua."

Alikata simu. Akamkuta muuza mabegi chini ya mnara.

"Dada, tumbo limenivuruga. Kiongozi akihesabu watu mwambie niko chooni."

"Uwii, chakula cha ndegeni hicho! Nenda, mimi nitamwambia umeketi huko na hutoki leo. Na picha je?"

"Nipigie wewe."

Teksi. Dakika thelathini na tano. Jengo la mizigo.

*

Mtu wa idara aliitwa Koti, kwa sababu hakulivua. Koti zito la buluu lenye manyoya shingoni, lililoandikwa mgongoni kwa lugha ya wenye mji. Miaka kumi na saba alikuwa amefanya kazi ya usiku kwenye chumba cha baridi. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wanne waliomjua kwa sauti ya simu.

"Dada, umekuja na kandambili kwenye baridi ya nyuzi nne," alimwambia kwenye mlango wa nyuma. "Idara siku hizi haina hela ya viatu?"

"Wameshabadilisha?"

Koti akaacha mzaha.

"Hapo ndipo pabaya. Msimamizi alinituma nikanywe chai. Saa mbili unusu hadi saa tatu. Nimerudi nikakuta paleti zote mbili pale pale, lebo juu. Moja ina jina la wizara yetu. Nyingine ina jina la kampuni ya yule bwana mwenye kipara. Labda wameshafanya. Labda bado wanasubiri saa sita. Mimi sikuona."

"Lakiri?"

"Zinafanana. Karatasi zinafanana. Taa zote kijani."

Waliingia. Mlango mzito ukajifunga nyuma yao kwa pumzi ndefu.

Paleti mbili, bega kwa bega. Katoni nyeupe, mstari wa bluu. Mapacha.

Shangazi alisimama katikati yao.

Wakiwa wameshabadilisha na yeye asibadilishe, maji yanapanda ndege. Wakiwa hawajabadilisha na yeye akabadilisha, maji yanapanda ndege, na aliyeyapandisha ni yeye. Kwa mikono yake miwili. Tena.

"Dada?" Koti aliita. "Umeganda?"

"Nipe kisu."

Alipasua katoni ya chini, ya paleti yenye jina la wizara, upande usioonekana. Akaingiza mkono. Akatoa pakiti ya barafu. Ilikuwa ngumu, nzito, inauma ngozi. Akaipeleka sikioni. Akaitikisa.

Kimya.

Akatikisa tena. Jiwe.

Akapasua ya paleti nyingine. Pakiti ilitoka laini, imelowa. Akaitikisa.

Maji yakacheza ndani.

Hiyo ilipangwa na mtu aliyesimama mbele ya meza kiwandani, akasubiri barafu itoke jasho, kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Shangazi alifunga macho sekunde moja kwa heshima ya mtu huyo.

"Wameshabadilisha," alisema. "Hii yenye jina letu ni maji. Vua lebo. Zote. Haraka."

Walifanya kazi kama watu wawili waliofanya kazi pamoja miaka. Lebo, plastiki, gundi, plastiki mpya. Koti alikuwa anapuliza vidole.

"Baada ya saa moja au mbili, taa ya haya maji itawaka nyekundu," Shangazi alisema. "Yatakuwa na jina la bwana Kipara. Wakaguzi watayazuia na kuyateketeza. Hayatamfikia mwanamke wa mtu yeyote, wa kwetu wala wa kwao."

"Na dawa yetu?"

"Inapanda ndege."

"Basi nitampigia mke wangu kesho nimwambie nimefanya jambo." Koti akatabasamu. "Atasema, umetuma ada?"

Mlango ukapumua.

Aliyeingia alijaza nafasi yote ya mlango. Mabega kama kabati. Mkononi karatasi iliyokunjwa, kama ile ya mnarani. Aliona lebo chini, aliona kisu, aliona mwanamke wa kandambili.

Hakuuliza swali.

Bastola ya Glock ilitoka kiunoni kwake, ina kiziba sauti. Koti aliruka mbele. Hakuwa jasusi wa kuruka; alikuwa karani. Lakini aliruka.

Puf. Puf.

Shangazi alikuwa ameshashuka chini nyuma ya toroli la kuinulia paleti. Akalisukuma kwa uzito wake wote, ule uzito ambao wakufunzi vijana walikuwa wanaucheka. Chuma kilimpata Mabega chini ya goti. Mfupa ulitoa mlio. Alianguka kwa mbele, na risasi ya tatu ikatoboa dari.

Alipojaribu kuinuka, kisu cha katoni kilikuwa kimeshapita shingoni.

Ilichukua muda. Huwa inachukua muda, tofauti na wanavyodhani wasiofanya.

Kisha chumba kilikuwa kimya, isipokuwa feni.

Alitambaa hadi kwa Koti. Alikuwa ameegemea katoni, macho wazi, mvuke mdogo unatoka mdomoni.

"Imetoboa koti?" aliuliza.

"Imetoboa."

"Watanikata mshahara." Akakohoa. "Dada... saa kumi wapakiaji wanakuja. Mlango wa tatu. Wanataka saini tu. Hawaangalii... hawaangalii uso."

Mvuke ukakoma.

Shangazi alikaa naye. Si kwa muda mrefu. Alimfunga macho, akamweka mikono vizuri. Miaka kumi na saba ya usiku, na hakuna jengo hata moja katika mji ule lenye jina lake.

Akapiga simu.

"Sema," Mkuu alijibu.

"Maziwa yako salama. Mtu wetu amekufa. Mtu wao pia."

"Umeumia?"

"Hapana. Huyu wao ana karatasi. Ruhusa ya kutoa mzigo. Ina saini ya Miwani, jina kamili na pasipoti."

Upande wa pili ilisikika redio, mtu anasoma habari.

"Ichukue," alisema. "Polisi wa huko wasiione. Jina lile likitoka huko, serikali itaaibika. Niletee mkononi. Tutamfungulia faili hapa."

"Faili."

"Shangazi, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alikata. Akaishika karatasi chini ya taa. Saini ilikuwa ile ile, mkia mrefu unaopinda mwishoni kama wa nge. Aliijua kuliko saini yake mwenyewe. Aliwahi kuisoma chini ya hati ya kupokea maji. Aliisoma tena chini ya barua ya kumfukuza kazi.

Angeipeleka nyumbani. Ingeingia kwenye faili. Faili lingeingia kwenye kabati. Na mtu angempigia shemeji yake aliye na ufunguo wa kabati.

Katika mji huu Miwani hakuwa na shemeji.

Alikunja karatasi pale pale palipokuwa na mikunjo. Akairudisha mkononi mwa maiti, akamfumbatisha vidole.

*

Saa kumi kamili, mlango wa tatu ulifunguliwa. Mfanyakazi mwenye koti zito la buluu, kofia imeshushwa hadi nyusi, alivuta toroli lenye paleti moja ya katoni nyeupe. Mbele ya koti palikuwa na matobo mawili na doa lililokauka jeusi. Wapakiaji wanne walikuwa wanapiga miayo. Mmoja alinyoosha ubao wenye fomu. Mfanyakazi akasaini. Wakaondoka na mzigo kuelekea kwenye ndege.

Hakuna aliyemtazama usoni. Watu wa usiku wameshazoea kutotazamwa, hata wao wenyewe kwa wenyewe.

Alirudi ndani. Akamfunika mwenye koti kwa koti lake.

Kwenye paleti iliyobaki, kidude kidogo kama kiberiti kilikuwa kimeacha kumeta kijani. Kilikuwa chekundu.

Akainua simu ya ukutani, akabonyeza namba ya dharura, akaiacha inaning'inia.

*

Ukumbi wa kuondokea, saa kumi na mbili kasoro kumi.

Muuza mabegi alikuwa amelala kiti kizima na mifuko minne iliyovimba. Alifumbua jicho moja.

"Dada! Tumbo?"

"Limetulia."

"Umekosa mji wote, maskini. Usiku mmoja na umeupoteza chooni."

"Ndivyo ilivyotokea."

Miwani alikaa karibu na mlango wa daraja la kwanza, anakunywa kahawa. Miwani safi.

Polisi walikuja watano. Hawakukimbia. Aliyetangulia alikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, anasoma jina, anatazama nyuso.

Miwani alisimama kabla hajaitwa. Alitabasamu. Akatoa pasipoti ya kidiplomasia, akaiinua kama kadi ya kuingilia harusini. Polisi aliitazama, akalinganisha namba na ya kwenye mfuko, akaipitisha kwa mwenzake. Mwenzake akatoa pingu.

"Kuna makosa," Miwani alisema, sauti ikipanda. "Nipigieni balozi. Nipigieni..." Alikuwa anabonyeza simu kwa kidole gumba, jina moja baada ya jingine. Nyumbani ilikuwa alfajiri. Wakubwa wamelala. Simu zao huwa zinazimwa usiku, ili wasisumbuliwe na shida za watu.

Wakampitisha mbele ya Shangazi. Miwani alisimama ghafla. Alimtazama vile mtu anavyotazama picha ya zamani ya darasa.

"Wewe. Nakujua wewe."

"Sidhani, mheshimiwa."

"Ulikuwa... wewe ulikuwa ghalani..."

"Mimi nilikuwa ndani. Wewe ulikuwa mlangoni."

Wakamvuta. Miwani ilianguka. Mmoja wa polisi akaikanyaga bila kukusudia.

"Makubwa!" muuza mabegi alinong'ona. "Kafanya nini yule baba mzuri?"

"Twende, dada," Shangazi alisema. "Wanatuita."

*

Ndege ilitua saa sita mchana. Lori la dawa lilifika hospitali ya kwanza saa nane na robo, likiwa na Shangazi kwenye kiti cha mbele, kandambili juu ya dashibodi, anamwambia dereva asitafute mashimo bali ayakwepe.

Katoni ya kwanza ilifunguliwa koridoni. Sista hakusubiri mkasi. Alirarua kwa meno.

Binti alijifungua saa tisa na dakika ishirini. Mtoto wa kike. Damu ilikuja kwa kasi, kama ilivyomjia mama yake. Sindano moja. Dakika ya kwanza. Ya pili. Sista alikuwa amebonyeza tumbo kwa ngumi, anahesabu kwa sauti.

Ikapungua.

Ikakatika.

Shangazi alikuwa amesimama ukutani. Hakulia. Alishuka taratibu kwa mgongo mpaka akakaa sakafuni.

Baadaye binti aligeuza kichwa upande wa kulia. Kitanda namba nne kilikuwa kitupu. Godoro limepinduliwa, linakauka.

"Alitangulia asubuhi," alisema. "Saa mbili. Aliniambia nisimwachie mkono. Sikumwachia, Shangazi."

"Najua."

"Mngewahi kidogo tu."

"Najua, mama."

Nje, Land Cruiser nyeusi ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango wa wagonjwa wa dharura, pasiporuhusiwa. Mkuu alikuwa ameegemea boneti, bahasha mkononi.

"Imetangazwa dunia nzima," alisema. "Jina, cheo, picha. Nimeamshwa na watu ambao mimi sipaswi hata kujua namba zao. Nilikupa amri."

"Ulinipa."

"Umesimamishwa kazi. Saini. Na utaandika maelezo ya kila ulichofanya usiku ule, saa kwa saa."

Alichukua kalamu, akasaini juu ya boneti ya moto bila kusoma. Akamrudishia karatasi.

"Maelezo yangu yatakuwa na majina mawili," alisema. "La karani wa chumba cha baridi. Na la kitanda namba nne. Unalijua la kitanda namba nne?"

Mkuu aliitazama bahasha.

"Liko kwenye daftari la wodi, ukurasa wa leo. Ingia ukalisome. Halafu uende kwao, ndugu zake wako pale chini ya ukuta wanasubiri gari la kubebea maiti, na hili lako ni kubwa."

Alimchomekea kalamu kwenye mfuko wa kifuani, akamzunguka, akashika njia ya kwenda nje ya geti. Hakugeuka kutazama kama Mkuu ameingia.